Mama Asiyepanda Mezani

Leo nina habari ya mama ambaye wanawe hutuzwa mbele ya watu, lakini yeye mwenyewe akipelekwa kwenye meza ya mwamuzi hurudishwa. Kosa lake ni moja tu: uzito. Mama huyu ni sungura, na visa vyake hutokea kila mwaka katika maonyesho ya sungura wadogo wa nasaba huko Uholanzi, Uingereza na Marekani.

Najua kuna aliyekwisha kucheka. Kwetu Afrika Mashariki sungura ni kitoweo, ni mbolea ya bustani, ni karo ya muhula ikibidi. Anayemfuga kwa ajili ya urefu wa masikio tutamshangaa. Lakini nivumilie kidogo. Ndani ya mchezo huu wa watu wazima wanaovaa makoti meupe na kumpulizia mnyama manyoya ili waone rangi ya chini, kuna jambo la ufugaji ambalo sijapata kulisikia likielezwa vizuri hata katika viwanja vya maonyesho ya kilimo ya Nanenane.

Sungura ninayemkusudia vitabuni huandikwa Netherland Dwarf. Ni kibete wa Kiholanzi, nami nitamwita kibete tu ili tusichoshane. Mnamjua New Zealand mweupe, yule mwenye macho mekundu aliyeenea kwa wafugaji wetu. Jike lake lililokomaa hufika kilo 4 na nusu, hata 5. Kibete anayetakiwa na waamuzi ana gramu 900 hivi. Akizidi kilo 1 na gramu 130, mashindano yamekwisha kwake. Bingwa kamili, basi, ni mwepesi kuliko ile pakiti ya sukari ya kilo moja uliyonunua dukani. Masikio yanatakiwa yawe na sentimita 5, yasimame wima na kukaribiana. Yakipita sentimita 6 na kitu, nayo yanamtoa nje. Kichwa kiwe cha mviringo, uso mfupi, macho makubwa, mabega mapana sawa na nyonga, na shingo kana kwamba haipo. Ukimtazama unadhani ni mtoto, kumbe ana miaka mitatu na wajukuu tele.

Sura hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Sungura wote wa kufugwa duniani, wakubwa kwa wadogo, wametokana na sungura-mwitu wa Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Kwa karne nyingi walifugwa kwa nyama na ngozi. Katika karne ya 19, huko Uingereza, ndipo kuwafuga kwa ajili ya sura kulipoota mizizi, tena si kwa mabwana wenye mashamba peke yao; hata vibarua wa miji ya viwanda walikuwa na vizimba nyuma ya nyumba. Mnyama wa sifa enzi hizo alikuwa English Lop, ambaye masikio yake huburuta chini. Nani ana masikio marefu kumzidi mwenzake? Hilo ndilo lilikuwa shindano. Wafugaji wakagundua kuwa joto hurefusha masikio, wakaanza kuwaweka sungura katika vizimba vinavyopashwa moto. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu wanyama na mimea ya kufugwa, alitenga sura nzima kwa sungura. Alipima mafuvu yao moja moja, akaonyesha kuwa sikio likilala, mifupa ya fuvu nayo hubadilika. Kwa hiyo ni zamani mno watu walipoambiwa kwamba ukichezea sikio umegusa na kichwa. Waliosikia ni wachache.

Mwanzoni mwa karne ya 20 upepo ukageuka, wadogo wakaanza kutafutwa kuliko wakubwa. Waholanzi waliwachukua sungura wadogo weupe waliokuwa wakifugwa Ulaya, ambao Wajerumani huwaita Hermelin na Waingereza huwaita Polish, wakawapandisha na sungura-mwitu wenye maumbo madogo. Wakapata rangi nyingi na umbo lililozidi kufupika. Pia wakapata wanyama wenye hasira na woga, maana damu ya porini haipoi kwa siku moja; ilichukua vizazi vingi vya kuchagua wapole mpaka kibete akakubali kushikwa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, vibete wa kwanza wakavushwa bahari kwenda Uingereza. Mwaka 1950 walipewa kipimo chao rasmi huko, na mwaka 1969 Wamarekani nao wakawatambua.

Mholanzi mmoja, Adriaan de Cock wa mji wa Tilburg, alianza mwaka 1949 kutafuta kitu kilichoonekana kichekesho: masikio ya kulala juu ya mwili wa kibete. Aliwachanganya vibete na French Lop, sungura mzito wa kilo 5 hivi. Haikutosha, watoto wakatoka na masikio yaliyosimama. Akaingiza damu ya English Lop. Akaendelea kuchagua, kuacha na kuchagua tena, mpaka mwaka 1964 ndipo nchi yake ikamtambua mnyama wake. Leo Marekani humwita Holland Lop, hatakiwi kupita kilo 1.8, na ni miongoni mwa sungura wanaopendwa kuliko wote katika maonyesho ya huko. Miaka 15 ya kazi kwa ajili ya masikio! Mimi nisingeiweza subira ya namna hiyo, lakini siwezi kuidharau.

Sasa twende mezani, pale mwamuzi anapomkagua sungura.

Marekani, chama kinachosimamia mambo haya kilianzishwa mwaka 1910 na kwa kifupi huitwa ARBA. Uingereza kuna British Rabbit Council, cha mwaka 1934. Kila kimoja kina kitabu cha vipimo, na kitabu hicho ndicho kinachotawala. Humo mmeandikwa kila aina ya sungura anatakiwa aweje, na kila kiungo kina alama zake, jumla 100. Mwamuzi hatazami nani kampendeza. Anatazama nani kakaribia maandishi.

Kabla ya sura huja utambulisho. Waingereza huvika sungura pete ya chuma mguuni angali mdogo, ipite kwenye kifundo. Akikua haitoki tena, na juu yake kuna mwaka na namba. Pete ya kibete ni miongoni mwa zile ndogo kabisa, na mfugaji akichelewa wiki mbili tatu mguu umeshanenepa, nafasi imepotea. Wamarekani hutumia chapa ya wino ndani ya sikio la kushoto. Sikio la kulia huachiwa msajili wa chama, ambaye humkagua sungura mwenyewe na karatasi zake ndipo amwandikishe.

Mwamuzi humkalisha sungura juu ya zulia, miguu ya mbele chini ya macho, ya nyuma imejipanga sawa. Humfunua midomo aone meno. Humgeuza chali ahakikishe ni dume au jike kweli, na kama ni dume lililokomaa, korodani ziwe mbili. Huhesabu kucha na kuangalia rangi yake. Kibete mweusi mwenye ukucha mmoja mweupe amekwisha kazi. Hupapasa mabega, mgongo na nyonga, kwa sababu manyoya huficha mengi na vidole havidanganyiki. Kisha mizani. Haya yote humalizika kwa dakika chache, huku karani akiandika anayotajiwa na mwenye sungura akisimama pembeni kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Na tuzo ni nini? Utepe. Pengine kikombe. Pesa, ikiwa ipo, haitoshi mafuta ya gari lililomleta. Sungura wa Kimarekani akitaka cheo cha juu kabisa, lazima ashinde mara tatu mbele ya washindani wa kutosha na chini ya waamuzi wasiopungua wawili, ili isisemwe kwamba alipendelewa na mtu mmoja. Faida ya kweli huja baadaye, katika kuuza watoto wa bingwa, nayo si ya kutajirisha. Waliowahi kudhani sungura wa sura watawatajirisha wapo. Kati ya mwaka 1898 na 1901 hivi, Marekani, hasa Los Angeles, ilipata wazimu wa sungura aitwaye Belgian Hare. Mnyama mmoja aliagizwa Uingereza na kuuzwa kwa mamia ya dola, wengine zaidi ya hapo. Lakini sungura huzaa, ndiyo kazi yake, na muda si muda kila mtu alikuwa na wa kuuza, wa kununua akakosekana. Wakenya waliofuga kware mwaka 2013 na 2014, wakakosa wanunuzi vivyo hivyo, hawahitaji maelezo.

Kilichobaki kikidumu katika mchezo huu ni watoto wa watu. Vilabu vya vijana vya 4-H nchini Marekani huwafundisha watoto kufuga sungura wadogo kwa sababu mtoto wa miaka tisa anaweza kumbeba, kumpa chakula na kumsafishia bila msaada. Katika maonyesho ya wilaya mtoto husimama mezani, akamkagua sungura wake mbele ya mwamuzi, akitaja kila anachokiangalia na ugonjwa unaoweza kuwapo pale. Hapo anayepewa alama ni mtoto. Msikilizaji wa Kenya wa umri fulani hapa atatabasamu, maana vilabu vyetu vya 4-K, vya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962 kwa mfano huohuo wa Kimarekani, na katika baadhi ya shule sungura ndiye aliyekuwa mnyama wa klabu. Vilififia, na mwaka 2021 vikafufuliwa. Sungura tulikuwa nao. Karatasi za nasaba ndizo ambazo hatukuwa nazo.

Karatasi hizo ndizo zinazonirudisha kwa yule mama.

Nasaba ya sungura wa Kimarekani huandikwa vizazi vitatu nyuma: wazazi wawili, babu na bibi wanne, na wale wanane waliowazaa, jumla kumi na wanne. Kila mmoja huandikiwa namba yake ya sikioni, rangi yake na uzito wake. Ukiishika nasaba ya kibete bingwa, ukafuata safu ya uzito upande wa akina mama, utakuta jambo la ajabu. Bingwa gramu 900. Baba yake gramu 950. Mama yake kilo 1 na nusu! Anayezidi kilo 1 na gramu 130 hapandi mezani, basi huyu wa kilo 1 na nusu anatafuta nini katika ukoo wa washindi?

Nisikilize vizuri hapa, kwani ndipo penye uhondo.

Kila sungura hurithi nakala mbili za kila jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Iko jeni moja inayohusika na ukuaji, wataalamu huiita HMGA2, na kwa binadamu pia jeni hiyo huhusika na kimo. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo kwamba kwa sungura vibete nakala moja ya jeni hiyo imekatika kipande, karibu herufi 12,100 za maandishi ya urithi hazipo. Sungura mwenye nakala moja nzima na moja iliyokatika ndiye kibete. Uso mfupi, masikio mafupi, mwili mdogo. Mwenye nakala mbili nzima anakuwa mkubwa kidogo na masikio marefu. Na mwenye nakala mbili zilizokatika hufa.

Hufa wote, bila kubakiza. Wafugaji wa Marekani humwita mtoto huyo karanga. Huzaliwa hai mara nyingi, mdogo sana mbele ya ndugu zake, kichwa kimevimba juu, masikio yamesinyaa na kurudi nyuma, nyonga nyembamba. Hakui. Siku ya pili au ya tatu, pengine baada ya siku chache zaidi, mfugaji humkuta baridi pembeni mwa sanduku la kuzalia. Hakuna dawa, hakuna chupa ya maziwa itakayomwokoa, kwa sababu upungufu ni wa tangu kutungwa mimba.

Sasa piga hesabu. Ukimpandisha kibete wa kweli kwa kibete wa kweli, wote wawili wanazo nakala mchanganyiko. Katika kila watoto wanne, kwa wastani, mmoja ni karanga, wawili ni vibete, mmoja ni mkubwa. Ukimpandisha dume kibete kwa jike mkubwa aliyezaliwa katika ukoo uleule, katika kila wanne wawili ni vibete, wawili ni wakubwa, na karanga hakuna. Umeona? Idadi ya vibete ni ileile, wawili katika wanne. Kilichobadilika ni yule wa nne: huku amezaliwa ili afe, kule amezaliwa mzima na anaweza kulelewa na familia yoyote inayotaka sungura wa kupenda.

Na jike yule mkubwa ana sifa nyingine. Kibete jike huzaa watoto wawili, watatu, wanne akibahatika, na nyonga zake ni nyembamba kwa vichwa vile vya mviringo. Mtoto hukwama, na akikwama saa nyingi mama naye hupotea. Jike mkubwa hubeba mimba yake siku 31 hivi, akajinyofoa manyoya ya kifuani atandike kiota, akazaa wengi kuliko mwenzake na kuwanyonyesha. Kwa hiyo hata ukitazama kwa jicho la ushindi tu, bila huruma yoyote, yeye ndiye anayekupa vibete wengi walio hai. Wafugaji wenye busara hawamuuzi jike kama huyo kwa bei yoyote. Huuza mabingwa, wakambakiza yeye.

Kwa nini basi wapo wanaoendelea kupandisha vibete kwa vibete? Nimelifikiria swali hili, na jibu linalonishawishi si ukatili. Ni mashaka ya mfugaji. Jike kibete unamwona kichwa chake, unaona masikio yake, unajua utampa dume gani wa kumrekebisha. Jike mkubwa huficha. Mazuri aliyorithi yamefunikwa na umbo lake refu, na mpaka umemzalisha mara mbili tatu ndipo unajua anachokitoa. Kumchagua kunataka jicho la miaka na daftari lisilodanganya. Mtu mwenye haraka ya utepe hana vyote viwili, hivyo humpandisha bingwa kwa bingwa na kuyazika makaranga nyuma ya banda. Huyo simtetei. Anajua kinachomsubiri sandukuni kila mara anapofungua mlango wa kizimba.

Lakini mfugaji si peke yake mwenye kulaumiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na waliomsifu mgema huyu ni waamuzi. Kitabu kikisema uso uwe mfupi, mwenye uso mfupi hushinda. Mwaka unaofuata wenye nyuso fupi zaidi huletwa, nao hushinda. Hakuna anayepiga kengele. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, ya mbele huongezeka milimita 2 au zaidi kila wiki, na kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe anapotafuna nyasi. Taya likifupika mno, meno ya juu na ya chini hupishana. Hayasagani tena. Yanachomoza, yanajipinda, yanachoma ufizi, na mnyama anakufa njaa mbele ya chakula. Mfereji wa machozi nao huminywa ndani ya uso uliobanwa, macho yakawa yanalia mchana na usiku. Kweli, mwamuzi hufunua midomo, na mwenye meno yaliyopishana huondolewa. Ila huondolewa yule wa siku ile. Kaka yake mwenye kasoro ileile amebaki nyumbani, na baba yao ana vikombe vitatu kabatini. Kwa maoni yangu meno ya wazazi yangestahili kuandikwa katika nasaba pamoja na uzito wao. Nafasi kwenye karatasi ipo.

Kabla sijatoka kwenye urithi, nidokeze jambo moja la rangi, kwa sababu linanifurahisha. Baadhi ya vibete huwa na rangi inayoitwa ya Himalaya: mwili mweupe, lakini pua, masikio, miguu na mkia ni vyeusi. Weusi huo hutengenezwa na kimeng'enya kinachofanya kazi palipo baridi tu, ndiyo maana hutokea katika ncha za mwili. Mtoto akipigwa na baridi sandukuni, mwili hupata kivuli cha kijivu, kisha hutoweka manyoya yakibadilika. Joto nalo huufifisha weusi wenyewe. Mfugaji wa Mombasa akiagiziwa sungura wa namna hiyo kutoka nchi ya theluji, akamwona anapauka mwezi baada ya mwezi, atamlaumu muuzaji bure.

Tena joto lenyewe si la kuchezea. Sungura hana jasho la maana; hujipoza kwa masikio. Tukishamfupisha masikio hayo, tumempunguzia kipoozeo. Nyuzi zikipita 30, chini ya bati lisilo na dari, sungura yeyote yuko taabani. Kwa hiyo nikisikia mtu wa Dar es Salaam anatafuta kibete wa kuwekwa varandani, namuuliza kwanza kivuli kiko wapi na maji yako wapi.

Kuna linalotuhusu sisi tusiofuga vibete? Lipo, na ni kubwa kuliko lile la masikio. Tatizo linalotajwa mara nyingi na maofisa mifugo wetu kuhusu sungura ni kupandishana ndugu kwa ndugu. Mtaa mzima una dume mmoja. Anapanda mama, akapanda binti, akapanda mjukuu. Vizazi vinadhoofika, watoto wanapungua, halafu tunasema sungura hawalipi. Hakuna aliyeandika nani kazaliwa na nani. Wale wenye makoti meupe tuliowacheka mwanzoni wana karatasi ya mababu kumi na wanne kwa mnyama asiyefika kilo moja. Sisi wenye sungura wa kilo 5 wa kulisha familia hatuna hata daftari la mkono la kuandika tarehe ya kupandisha. Katika maonyesho ya kilimo, Nairobi au Dodoma, utamkuta dume mnene kizimbani na kadi ya bei juu yake. Ukiuliza baba yake alikuwa na uzito gani, utajibiwa kwamba ni mbegu nzuri, mzee, chukua tu.

Nawaomba walimu wa vilabu vya shule jambo moja. Mnapoanza na sungura, anzeni na daftari siku ileile. Mstari mmoja kwa kila sungura: namba, wazazi, tarehe ya kuzaliwa, uzito wa wiki ya nane, meno. Mtoto ataipenda kazi hiyo kuliko mnavyofikiri, kwa sababu watoto hupenda kujua nani ni ndugu ya nani. Na dume msimweke mwaka baada ya mwaka. Badilishaneni na shule ya jirani.

Kwa upande wako mnunuzi, iwe unataka kibete wa kumfurahisha mtoto au jike la kufungua mradi, usinunue kwa sura ya sungura wa kizimba cha mbele. Muombe mwenye sungura akuonyeshe mama. Mtazame meno, mpapase mgongo, uliza alizaa wangapi na wangapi wakanyonya mpaka mwisho. Kama wanauzwa kwa jina la vibete, uliza waliokufa siku za kwanza walikuwa wangapi. Mfugaji mwaminifu atakujibu bila kubabaika. Usimdharau mama kwa sababu ni mkubwa. Ukiambiwa hayupo, ameuzwa, yuko shamba, basi weka pesa zako mfukoni, aga kwa heshima, uende kwa mwingine.